Chambo cha Nyumba ya Alupo

Kwa Mzee Egesa,
Buhehe, Busia,
Uganda.
18 Agosti, 1968.

Mpendwa wifi yangu Akumu,

Salamu zangu zikukute umeketi, maana najua ukishasimama huna muda wa kusoma. Hujambo? Watoto hawajambo? Na kaka yangu Maloba, kile kifua chake kimepoa, au bado anakohoa kuliko hizo treni za hapo Nakuru? Mwambie anywe maji ya moto na aache kubishana na daktari.

Sisi huku tu wazima. Mgongo wangu unauma nikiinama na hauumi nikikaa, kwa hiyo nakaa. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kisamia chako bado kinachechemea, na kile Kijaluo ulichonifundisha nimekisahau chote isipokuwa matusi.

Baada ya salamu, nina tangazo rasmi. Mji wa Egesa wa hapa Buhehe umepata viwanda viwili vya chuma, kimoja kwa kila mke. Watu wa Tororo wasituringie tena na saruji yao. Kila kiwanda kina sigiri moja ya makaa na kopo la kuyeyushia risasi, na vyote viwili vina fundi mmoja, mume wangu, mwenye macho mekundu kwa moshi. Serikali haijaarifiwa.

Ziwa lenu hapo ni la ndege tu, basi nikueleze. Ziwa letu siku hizi lina samaki mgeni, mbuta, mkubwa, mdomo kama mfuko. Huyu hataki minyoo. Anataka kitu kinachokimbia. Kwa hiyo Baba Erisa, huyo fundi wetu, amejifunza kumdanganya kwa samaki wa risasi. Anachukua fulu, yule samaki mdogo wa kidole, anamkandamiza kwenye udongo wa kichuguu uliotwangwa pamoja na vigae, nusu huku na nusu huku, kisha anauchoma mpaka unakuwa kalibu. Anaipaka masizi ili risasi isigande, analaza waya katikati, anafunga zile nusu mbili kwa mpira, anamimina. Akifungua, fulu anang'aa. Anafungwa ndoano mkiani na kuburutwa nyuma ya mtumbwi kule Majanji, akiyumbayumba kama mgonjwa, na mbuta hawezi kumwacha mgonjwa apite.

Risasi inatoka kwenye betri kuukuu za magari. Betri zinatoka Tororo, kwa fundi mmoja wa magari. Na fundi huyo ni kaka yake Alupo, mke mwenzangu. Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanza.

Unamkumbuka Alupo, yule Mteso mwenye mwanya ambao kila mgeni lazima ausifu. Kwa kuwa risasi ni ya kwao, sigiri ikawekwa kwake. Kwa kuwa sigiri iko kwake, mzee naye akawa kwake. Jioni nakaa mlangoni pangu nawasikia wanacheka. Risasi inachekesha nini? Mimi nimeishi na mtu huyu miaka yote hii na hajawahi kuniyeyushia hata mafuta ya kupaka. Huko ziwani nasikia wavuvi wameanza kumwita Baba Asio, kwa jina la binti wa Alupo, kana kwamba mwanangu Erisa alizaliwa na mti.

Nililalamika. Unanijua, nililalamika kwa sufuria kwanza, kisha kwa mdomo. Mzee akaamua kila nyumba iwe na sigiri na kalibu yake. Ndani ya kalibu yangu akachora mstari mmoja, ndani ya ile ya Alupo miwili, na mistari hiyo hutokea imeinuka tumboni mwa chambo kama chale. Samaki akinaswa, mzee anatazama tumbo la chambo. Nyumba yenye alama ndiyo yenye samaki. Haki tupu, hata mimi nilikubali.

Lakini alipotaka kutengeneza yangu, nilimwona ameshika fulu wa ukubwa sawa na yule wa kalibu ya Alupo. Nikamwambia nyumba ya mke mkubwa haiwezi kuwa na fulu sawa na nyumba ya mke mdogo.

"Mama Erisa," akasema, "hiki ni chambo, si kiti."

Nikamwambia mkubwa ni mkubwa. Akaenda akaleta ngege, samaki mpana mnene, akamkandamiza huyo. Wifi, chambo changu kilitoka kinene kama kiazi kitamu. Kikitupwa majini kinakwenda chini moja kwa moja, kinakaa huko, kinasubiri kuokolewa. Tangu Pasaka sijapata mbuta hata mmoja, na harufu ya mbuta wa Alupo inanijia kila wiki bila kukaribishwa.

Ningevumilia, kama si jambo la Erisa. Unajua anamtaka Asekenye, binti wa mzee Egau wa upande wa Tororo. Ikapangwa wazee wa msichana waje kwetu Jumamosi moja, na mzee akasema watakula mbuta. Sasa fikiria. Wakwe wa mwanangu wa kwanza wanakuja kuona mji anaotoka, na anayewapakulia ni Alupo, Mteso mwenzao, anayeongea nao Kiteso na kuwaonyesha mwanya, na mimi mama wa kijana nimekaa pembeni kama jirani aliyekuja kuazima chumvi.

Sasa nakuja kwenye barua yako. Umeandika kwamba jirani yetu Okware alipofika huko aliwasimulia jinsi nilivyomwachia mke mwenzangu heshima ya kuwapikia wageni jikoni kwake, na kwamba umenisifu mbele ya akina mama wa kanisa. Nimeisoma sehemu hiyo nikatafuta pa kuuficha uso. Okware aliona kwa mbali. Ilikuwa hivi.

Siku ambayo Alupo alikwenda Tororo kwa kaka yake, niliingia kwake nikachukua chambo kimoja kilichotundikwa msumarini. Nikakitazama sana, lile tumbo jembamba na mkia uliopinda kidogo, maana niliamini siri iko kwenye mkia. Nikatwanga udongo, nikakikandamiza, nikauchoma, nikakirudisha msumarini kabla hajafika. Risasi niliikata kwenye vizito vya wavu wangu wa zamani. Waya sikuwa nao, nikang'oa mkono wa taa. Mara ya kwanza kalibu haikuwa imekauka, risasi ikaruka ikanitoboa gauni la kushindia. Mara ya pili akatoka fulu mzuri kuliko wote uliopata kuwaona. Nilimbusu, wifi, na bado alikuwa moto. Mdomo wangu umepona sasa.

Ijumaa alfajiri mzee alipokuwa anafunga baiskeli nilimpa. "Chukua hiki cha nyumba yako kubwa," nikasema. Akakitupa kwenye kopo pamoja na vingine bila kukitazama.

Alirudi mchana akisukuma baiskeli, hawezi kuipanda, mkia wa mbuta unaburuta vumbi. Mji mzima ulitoka. Taya lake lilikuwa bado limekiuma chambo, na mimi kwa mbali nikautambua ule waya wa taa yangu. Nilishaanza kukunja mikono ya nguo. Mzee akakichomoa, akakifuta kwa kidole gumba, akakigeuza.

"Mistari miwili," akasema. "Alupo, leta karai."

"Angalia vizuri," nikasema.

"Nimeangalia. Si ni mimi niliyeichora?"

Kumbe udongo hauchagui. Nilipokandamiza chambo cha Alupo, ulichukua tumbo, mkia, na ile mistari yake miwili pamoja. Nilihangaika na moshi, nikaungua mdomo, kumtengenezea Alupo chambo. Na ningesema nini? Nikisema ni changu, nitaulizwa nimekitoa wapi. Nikaingia ndani nikafunga mlango. Nadhani ndipo Okware alipopita, akauona utulivu wangu akaudhania wema.

Baadaye mlango ukabishwa. Ni Alupo, ameshika chambo.

"Dada, hii si yangu."

"Alama ni ya nani?"

"Alama yangu. Lakini sisi tunatumia waya ya shaba. Hii waya ya taa." Akatazama taa yangu pale mezani, haina mkono, kisha akautazama mdomo wangu. Hakucheka. Afadhali angecheka.

"Basi nenda umwambie mzee," nikasema.

"Nimwambie nini? Wageni wanakuja kesho, mnaanza kugombana? Mimi kwetu najua nyama ya ng'ombe. Samaki kubwa namna hii itanishinda, itavunjika yote. Kuja upike."

"Jikoni kwako?"

"Mzee amesema samaki ni ya jikoni yangu. Hajasema mkono ni ya nani."

Nilikwenda. Nilimpika mbuta yule kwenye chungu chake, kwa kuni zake, nikimtafutia kosa kila nilipogeuka. Nikaona chumvi yake imefunikwa vizuri, nikaudhika.

Jumamosi wageni wakala mpaka mzee Egau akalegeza mkanda. Walikuwa wameongea Kiteso na Alupo tangu kufika, wakicheka, nami nacheka pia bila kuelewa. Alipomaliza, Egau akamgeukia Alupo akamshukuru kwa chakula. Alupo akamjibu kwa Kiteso, kisha akarudia kwa Kiswahili, polepole, nadhani ili nisikie.

"Mkono huu ni wa mama wa kijana. Mimi nimetoa moto tu."

Wote wakanigeukia. Mama yake Asekenye akasimama akaja kunishika mikono yote miwili. Ng'ombe wamekubaliwa, harusi ni Desemba, mtakuja.

Kwa hiyo, wifi, ule moyo mkunjufu uliousifu kanisani upo kweli, ila uko nyumba ya pili. Warekebishe hao akina mama taratibu. Amenishinda risasi, amenishinda samaki, amenishinda mwanya, nikajifariji kwamba angalau kwa wema tuko sawa. Sasa hata huo amenishinda, tena mbele ya wakwe zangu. Nimejaribu kumchukia tangu siku ile na ninafanikiwa asubuhi tu.

Nisalimie kaka yangu Maloba, na mama Anjeline jirani yako, na watoto mmoja mmoja kwa jina. Baba Erisa anawasalimu, Erisa anawasalimu na kuomba shati. Mungu awafunike hapo ugenini, na awafikishe kwetu Desemba mkiwa na afya na hamu ya samaki.

Alupo ameniona nikiandika, akasema nikusalimie. Nimemwambia nitafanya hivyo kama nafasi itabaki. Nimeandika herufi kubwa kubwa, lakini karatasi imebaki. Anakusalimu sana.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda hata unaponisifu kwa makosa,

Nangila, Mama Erisa.