Jembe Langu Lilisimama

Didia, Jumapili, 17 Julai 1994

Maiti! Watu wazima wameiacha ngoma yetu ya kurusha majembe wakakimbilia kutazama maiti wakicheza.

Nkwabi, rafiki yangu wa tangu utoto, leo ametushinda. Kwetu vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na mwenye watazamaji wengi ndiye mshindi. Sisi tulikwenda kwa mganga kutafuta dawa ya kuvuta watu. Yeye aliwapaka wachezaji wake unga usoni, akawapanga mistari, wakawa wanatikisa mabega na kuburuta mguu mmoja, vidole juu kama makucha. Ile video ya Mmarekani anayecheza na wafu, hatua kwa hatua, ila juu ya ngoma za Kisukuma!

Umati ulihama kama ng'ombe walionusa maji. Hata mama yangu mzazi alibeba kigoda chake akahama.

Eti Nkwabi ana kipaji. Kipaji gani? Video yenyewe ya zamani, kila mtoto wa Kahama anazijua hatua zake.

Lakini tuliitazama pamoja, mimi na yeye, kwenye kibanda cha video pale Nyasubi, mjini Kahama, benchi moja. Mimi nilicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka. Miguu yake ilikuwa inacheza chini ya benchi.

Jioni hii mke wangu ameniuliza, "Baba Kulwa, mbona jembe lako lilisimama katikati ya ngoma?"

Nimemwambia mkono ulikufa ganzi.

Nilikuwa namtazama Nkwabi.