Nilimpiga kwa Pasi, Nikaenda Kuogelea

Iringa, Jumapili mchana

Mayu wangu,

Mwangaluka, mayu. Nakuamkia wewe na baba na wote wa hapo Igawa. Mguu wako uliochomwa na mwiba umepona? Na yule ng'ombe mwekundu amekubali kumnyonyesha ndama wake, au bado anampiga mateke? Mimi naweza kusimama na kushika kalamu, na kwa siku hizi hilo ni jambo la kumshukuru Mungu.

Holo, mdogo wangu, najua ni wewe unayesoma. Msomee mama peke yake, baba akiwa amekwenda kuchunga. Usiruke neno hata likikutia haya.

Mayu, nimesikia barua ya baba mdogo Masanja imewafikia. Ameandika kwamba nimekuwa malaya, kwamba nakunywa vidonge vya kuzuia mimba, na kwamba nilitaka kumuua kwa pasi. Nimesikia pia baba amemwambia kaka Mabula aje kunichukua, na nikikataa anifunge kamba kama ndama. Sasa sikiliza na upande wangu. Vidonge nilikunywa. Pasi nilimpiga. Umalaya sina, na sijawahi kulala na mwanamume yeyote.

Nianze na kuogelea. Unakumbuka kule ziwani, kabla hatujahamia Usangu na ng'ombe, nilivyokuwa nawashinda watoto wote wa kiume. Hapa Iringa kuna bwawa la saruji lililojengwa na wazungu kwenye klabu yao ya zamani. Mwaka jana wenzangu wa ushirika wa ushonaji walinipeleka pale siku ya sikukuu, nikaogelea tu kwa kujifurahisha. Mwalimu mmoja anayefundisha timu ya mkoa, Mwalimu Kihwele, akanishika bega nilipotoka majini. Akasema, "Wewe kesho uje saa kumi na mbili asubuhi." Tangu hapo nimekuwa nikienda bwawani kila asubuhi kabla ya kwenda kwenye cherehani. Mwaka huu nikachaguliwa kwenda kushindana Mbeya, na wawili wa kwanza kule wanakwenda Dar es Salaam.

Tatizo langu ni damu, mayu. Hedhi yangu si kama ya wenzangu. Inakaa siku nane, na siku tatu za mwanzo inamwagika. Vipande vya kanga ninavyovikunja mara nne vinajaa kabla sijamaliza kushona gauni moja. Yanatoka mabonge kama maini. Nimewahi kuinuka kwenye kiti cha cherehani nikakuta kiti kimelowa, nikakaa tena mpaka watu wote walipoondoka. Kazini unaweza kujificha. Majini hujifichi. Kitambaa kikiingia majini kinajaa maji, kinakuwa kizito, kinateleza, hakizuii chochote.

Siku moja nilimwambia Mwalimu Kihwele kwamba leo siwezi kuingia. Akaniuliza kwa nini. Ningemjibu nini, mayu? Mwanamume mzima, mbele ya wavulana sita. Nikasema naumwa. Akasema, "Mwezi jana uliumwa, mwezi huu unaumwa. Huo ni uvivu!" Akanizaba kibao, sikio likalia. Akanisukuma, nikaanguka bwawani na kaptula niliyokuwa nimevaa. Nilipotokea juu, maji yaliyonizunguka yalikuwa yameanza kuwa mekundu. Mvulana mmoja akapiga kelele kama aliyeona nyoka. Wote wakatoka majini. Mwalimu akageuka akatazama ukuta.

Aliyekuja kunitoa ni Atupele, msichana wa Tukuyu tunayeogelea naye. Alinifunga kanga yake, akanipeleka hospitali siku hiyo hiyo. Pale kuna muuguzi anaitwa Mama Sanga, mtu mzima, hacheki ovyo. Akanifunua kope, akasema, "Mweupe kama karatasi. Unabadilisha kitambaa mara ngapi?" Nikamwambia kila baada ya nusu saa. Akapiga ulimi. "Na ulikuwa unasubiri nini? Ufe?" Daktari akanipima. Akaniandikia vidonge vya kuongeza damu, na vingine vidogo vya kumeza kimoja kila siku. Mama Sanga hakunificha. Aliniambia, "Hivi vidogo wanawake wengine wanavitumia kupanga uzazi. Wewe unapewa vya kupunguza damu. Usivikatize ghafla, maana ukivikatiza itashuka." Akanipa pia pamba ngumu, iliyokazwa ikawa nene kama kidole, ina uzi. Inawekwa ndani, na uzi unabaki nje wa kuvutia. Niliogopa sana mara ya kwanza. Nilidhani itaniharibu. Haikuniharibu, mayu. Niliogelea nayo na maji yakabaki maji.

Miezi miwili nikapona kabisa. Nilikuwa naamka na nguvu. Mwalimu alikuwa akitazama saa yake halafu ananitazama mimi. Kule kwa baba mdogo nilikokuwa nikikaa, vitu vyangu nilivificha kwenye kopo la maziwa chini ya nyuzi zangu.

Jumatatu ya wiki tuliyosafiri, mama mdogo alitafuta uzi mweusi, akalifungua kopo. Hakuniuliza mimi. Alimngoja mumewe. Nilikuwa nimesimama mezani napiga pasi sketi za wateja, baba mdogo akaingia na kopo mkononi.

"Hivi ni nini?"

"Ni dawa yangu, baba. Ya damu."

"Ya damu! Unanidanganya mimi? Pale gereji nafanya kazi na madereva, nani asiyevijua hivi? Na hii pamba ya uzi ni ya nini? Unajichokoa?"

"Niliandikiwa hospitali. Tumuulize Mama Sanga."

Alikwenda chooni, nikasikia kopo likigonga saruji. Vidonge vyote, vya kuongeza damu na vile vidogo, na pamba, alivitupa shimoni. Aliporudi alikuwa amekwisha kuvua mkanda. Alianza na mgongo. Halafu mikono, kwa sababu niliinua mikono. Halafu akageuza mkanda, akapiga kwa upande wa chuma. Chuma kikanipasua hapa juu ya jicho, damu ikaniingia machoni nisimwone. Nilimsihi, mayu. Nilimwita baba. Alikuwa akisema, "Mizigo ya kaka yangu! Malaya katika nyumba yangu!" na kila neno lilikuja na pigo lake. Mama mdogo alisimama mlangoni akitazama. Baba mdogo akanishika shingo kwa mkono mmoja, akanibana ukutani, nikakosa pumzi. Mkono wangu ukapapasa mezani ukaikuta pasi. Ilikuwa imejaa mkaa wa moto. Nikampiga nayo mkononi, na nilipoona hajaachia nikampiga tena. Nikasikia ngozi yake ikilia kama nyama kwenye mafuta. Makaa yakamwagika sakafuni. Hapo ndipo aliponiachia, akapiga yowe majirani wakaja.

Sikutaka kumuua. Nilitaka kuvuta pumzi.

Nilitoka peku, nikaenda kwa Atupele. Mama Sanga alinishona nyuzi nne juu ya jicho. Nilimwambia vidonge vimetupwa. Akatazama kabati, akafunga. "Vimekwisha, binti yangu. Gari la dawa halijafika. Na kwa kuwa umekatiza, damu itakuja." Akanipa pamba tatu alizokuwa nazo. "Hizi tu. Zitunze."

Alhamisi tukaondoka kwenda Mbeya kwa lori lililofungwa mabenchi. Tulipofika Makambako nikasikia kiuno kinakatika. Kabla ya Igawa damu ikashuka, ya miezi yote miwili kwa pamoja. Atupele alinikingia kwa kanga yake, lakini benchi lilikuwa limelowa na tone moja lilikuwa likitambaa sakafuni mpaka kwenye viatu vya wavulana. Safari hii hakuna aliyepiga kelele. Walisogeza miguu.

Lori lilisimama Igawa, dereva akanunua mchele. Mayu, nilikuwa hatua mia tano kutoka kwenye njia ya kwetu. Nilimwona hata mke wa mzee Luhende akiuza vitunguu. Nikainamisha kichwa. Jicho langu lilikuwa limefumba kwa uvimbe na gauni lilikuwa jekundu, nisingeweza kuja kwako hivyo. Unisamehe kwa hilo. Hilo ndilo ninaloomba msamaha katika barua hii yote.

Mbeya kulikuwa na baridi ya kuuma meno. Jumamosi, zamu yetu ilipoitwa, nilikuwa na pamba moja tu iliyobaki, nikaiweka. Niliposimama kwenye ukingo mstari mwembamba wa damu ukanishuka pajani. Mama mmoja akaziba macho ya mtoto wake. Mwanamume katika watazamaji akasema kwa sauti, "Mtoeni huyo mchafu! Watu wataogaje humo?" Wengine wakacheka. Atupele akamgeukia, "Wewe ulizaliwa kwa nini, kwa maziwa?" Yule mwanamume akarusha chupa ya soda. Ilimpata Atupele begani. Atupele hakulia, alimrukia. Alimng'ang'ania ukosi, akampiga kichwa cha pua, wakaanguka wote kwenye viti, watu wakavurugana, ngumi kila upande. Msimamizi wa mashindano akanijia mimi, akaniambia nitoke.

Mwalimu Kihwele akasimama kati yetu. Nilidhani atanipiga tena, nikakunja shingo. Akamwambia yule msimamizi, "Kanuni gani inamkataza? Nionyeshe. Kama huna, puliza filimbi." Msimamizi akapuliza.

Sikumbuki mita hamsini za mwanzo. Nakumbuka maji yalikuwa baridi mpaka tumbo likaacha kuuma. Nilipogeuka, mikono ilianza kufa. Niliona giza limezunguka pembeni, nikaona njia nyembamba tu mbele, kama ya ng'ombe. Nikawa nampiga baba mdogo, mayu. Nasema kweli. Kila mkono uliposhuka majini nilikuwa nampiga yeye, na yule wa chupa, na wale waliocheka. Nikagusa ukuta. Nilikuwa wa pili, nyuma ya msichana wa Songea kwa upana wa kiganja.

Nilipojaribu kupanda, miguu ilikataa. Mwalimu Kihwele aliingia majini na viatu vyake. Alinibeba mikononi mpaka kwenye gari, shati lake jeupe likawa kama la mchinjaji. Njiani aliniambia, "Minza, nilidhani ni uvivu. Nilikupiga mgonjwa." Nilitaka kumjibu nikazimia.

Nililazwa Mbeya siku nne. Niliongezewa damu chupa mbili. Kisha nikarudi Iringa, na baba mdogo alikuwa amenishtaki kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Tulikaa kikao uani kwa balozi. Mama Sanga alikuja na sare yake, akaeleza mbele ya wanaume wote, bila kuinamisha macho, vidonge vile ni vya nini. Baba mdogo akasema, "Mimi ningejuaje?" Balozi akamwambia, "Ungeuliza. Hospitali iko hatua chache kutoka gereji yako." Halafu balozi akanigeukia mimi, akasema nimemwunguza mtu aliye kama baba yangu, nimwombe radhi. Nikapiga magoti, nikamwomba radhi kwa ajili ya mkono wake. Mkono wake umefungwa bado, na amenikataza kukanyaga kwake. Nakaa kwa Atupele.

Dar es Salaam tunakwenda mwezi ujao. Vidonge vimefika na nimeanza upya. Mwambie baba maneno haya kwa kinywa chako. Kaka Mabula akitaka kuja, aje, nitampikia ugali na kumpeleka bwawani aone. Lakini akija na kamba, mayu, mwambie mdogo wake hatanyoosha mikono afungwe.

Sasa jambo la mwisho, na ndilo limenifanya niandike leo. Kule wodini nililala macho nikakukumbuka. Nikakumbuka ulivyokuwa ukilala siku tatu nne kila mwezi, ukituambia ni malaria. Nikakumbuka ulivyokuwa ukienda mtoni peke yako kufua, ukituzuia tusikufuate. Nikakumbuka ulipoanguka shambani ukisia mpunga, na baba akakupiga kwa sababu ng'ombe waliingia shambani ukiwa umelala chini. Haikuwa malaria. Nilimsimulia Mama Sanga. Akaniuliza una umri gani, nikamwambia. Akasema, "Mlete."

Nisalimie baba na shikamoo yake. Nisalimie bibi, mwambie nalikumbuka lile jino lake moja anapocheka. Nisalimie shangazi wa Chimala na wifi, mke wa Mabula, na mtoto wao ambaye sijamwona. Atupele anakusalimu, anasema "ndaga", asante ya kwao, kwa kunizaa.

Mayu, panda gari la Jumanne. Ukiulizwa unakwenda wapi, sema unakwenda kutibiwa. Nitakuwa stendi tangu asubuhi.

Ni mimi mwanao,
Minza