Karani wa Mizani Auliza Mbuzi Apelekwe Wapi

Mpendwa Mshauri,

Msaada ninaoomba ni mdogo tu, kwa sababu sehemu kubwa ya shida hii nimeshaitatua mwenyewe kwa akili yangu, imebaki mbuzi. Jina langu ni Riungu, lakini ukiichapa barua hii gazetini andika tu Karani wa Mizani, Majengo, Meru, wanaonijua watanijua na wasionijua watauliza. Nimesoma mpaka darasa la sita na ningeendelea, ila mwalimu aliona nikiendelea nitamfikia. Ninavaa shati jeupe lenye kola, na mfukoni kuna kalamu, haina wino lakini kifuniko chake kinang'aa, na barua hii ninaiandika kwa penseli ya rafiki yangu Salesio ambaye ananisimamia hapa kichwani akitaka penseli yake, kwa hiyo ukiona mahali nimekosea, mwenye kosa ni yeye.

Sasa sikiliza. Wewe uko Embu na huko pia Imajensi mnayo, hii hali ya hatari ya serikali, kwa hiyo sina haja ya kukueleza vile tulitolewa mashambani tukawekwa kijijini, nyumba zikabanana hata jirani akikohoa unaambiwa pole wewe, na kila asubuhi hedimani wetu, mkubwa wa kijiji, Mithika, anapuliza filimbi, na kila nyumba inatoa mtu mmoja wa kwenda kuchimba, leo handaki, kesho barabara, kesho kutwa matuta, bila malipo, na ukichelewa wewe kiboko chake hakichelewi. Na usiniambie niende Nairobi, kwa maana Mmeru bila pasi akionekana Nairobi anarudishwa kwa lori kabla hajanunua hata soksi. Lakini kuna mtu mmoja ambaye filimbi haimwiti, naye ni mtu wa kazi. Ukiwa na cheti cha bwana aliyekuandika kazi, Mithika anakupita kama anayepita mti.

Mimi nikasema, mtu wa akili kama mimi atakosaje kazi? Nikaenda kwa Mzee Omar, mwenye bucha pale Majengo karibu na msikiti, nikampelekea kuku watatu wa mama, naye akaniandika siku hiyo hiyo. Usicheke, Mshauri, wengine walitoa kuku na jogoo juu yake. Mshahara bado sijauona, lakini kwato ninaziona, na utumbo, na siku nyingine kichwa kikikosa mnunuzi. Kazi yangu ni kuangalia mshale wa mizani na kusema "imefika". Kuchinja anachinja Mzee Omar mwenyewe, maana ni lazima achinje Mwislamu, lakini kuchuna ni mimi, na hapo nitajisifu kidogo tu: yule mnunuzi wa ngozi huziinua ngozi zangu juani akitafuta tundu la kisu mpaka anapiga chafya, na haoni hata moja, naye Mzee Omar huongezewa bei.

Nyumbani tuko watatu, kwa sababu baba alichukuliwa na lori na hatujaambiwa yuko kambi gani, tumebaki mimi, mama yangu Cicily na dada yangu mdogo Mukiri. Mithika alisema nyumba ni nyumba, ikiwa kijana ni mtu wa kazi basi mama aje, kwa hiyo anayekwenda kuchimba ni mama, bado ana nguvu, lakini hilo silo ninalouliza.

Ninalouliza lilianza hivi. Bucha ya Mzee Omar inachinja mbuzi mmoja kwa siku, na wafanyakazi tulikuwa saba. Mithika akaona kijiji chake hakina tena vijana, wote wamekuwa wachinjaji, akaenda kumwambia Bwana D.O., yule Mzungu wa serikali wa wilaya, na Bwana D.O. akaja mwenyewe na askari wawili. Mzee Omar akatupanga mstari mbele ya bucha.

"Hawa ndio watu wako wote?" Bwana D.O. akauliza. Kiswahili anakijua, ila anakitema kama mtu aliyeng'ata pilipili.

"Wote, bwana. Na bado hawatoshi."

"Wewe, kazi yako nini?"

"Mimi nanoa kisu, bwana," akasema wa kwanza.

"Na wewe?"

"Mimi nashika kisu akichoka kunoa."

"Na wewe?"

"Nafukuza nzi, bwana. Wa asubuhi."

"Na huyu?"

"Huyu nzi wa jioni."

Nilipofikiwa mimi nilisimama wima, nikagusa kalamu nikasema, "Karani wa mizani, bwana!" na hata askari mmoja alishtuka. Wa mwisho alikuwa Salesio, mshika kamba ya mbuzi, naye alipoona nimesimama vizuri vile akataka kunipita, akabana miguu na kupiga saluti ya mikono miwili. Mshauri, kamba ilikuwa kwenye mkono mmojawapo.

"Mbuzi yuko wapi?" Bwana D.O. akauliza.

Mbuzi alikuwa njia ya Makutano, anatembea bila haraka, na wafanyakazi saba tukamkimbilia, na aliyemkamata ni mama mmoja muuza ndizi ambaye hana kazi yoyote ya kuandikwa. Bwana D.O. alicheka mpaka akavua kofia, halafu akaacha kucheka akasema bucha ya mbuzi mmoja itabaki na watu wawili, na wengine watano warudi kwa Mithika mwisho wa mwezi.

Jioni Mzee Omar akatuita. "Vijana, nyote ni wanangu, wallahi simpendi mmoja kuliko mwingine. Lakini nafasi ni mbili. Atakayeniletea mbuzi, huyo nitajua anaitaka kazi."

"Mzee, si tulileta kuku?" nikamuuliza.

"Kuku ni wa kuingia, bwana mdogo. Mbuzi ni wa kubaki."

Salesio ameshapeleka mbuzi wa babu yake, kwa hiyo imebaki nafasi moja, na siku ya mwisho ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

Na hapo hapo, kwa sababu mimi ninapendwa, kuna msichana anaitwa Makandi. Ana mdomo huyo! Juzi aliniambia mbele ya watu, "Karani, mbona kalamu yako inanuka matumbo?" Lakini alikuwa anacheka kwa upendo, ninajua. Baba yake, Mzee Kaberia, aliniita akaniambia, "Sikia, kijana. Binti yangu simpi mtu wa jembe, majembe hapa tunayo ya kutosha. Nataka mtu wa kazi. Na mtu wa kazi hawezi kukosa mbuzi mmoja wa kunishikisha kwa posa. Mlete hiyo Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na Jumamosi nitapita Majengo nikuone ukifanya kazi."

Sasa mbuzi tunaye mmoja, yule mweusi wa mama ambaye Mukiri hunywa maziwa yake. Nikimpeleka kwa Omar, kazi ninayo lakini mbuzi wa Kaberia sina. Nikimpeleka kwa Kaberia, Jumamosi atanikuta handakini na jembe, binti ataninyima na mbuzi hatarudisha, ninamjua yule mzee. Nilifikiri hata kumpa Omar sehemu ya mbele na Kaberia ya nyuma, Salesio akacheka mpaka akavunja ncha ya penseli yake mwenyewe.

Mama sijamwambia. Jana Mukiri aliniletea habari kwamba mama alipumzika huko handakini akawaambia wanawake wenzake, "Mimi nachimba, lakini mtoto wangu ni karani," na wote wakasimamisha majembe wakasema "eee!" Nilifurahi sana.

Basi niambie, mbuzi aende kwa Omar au kwa Kaberia? Na usitumie maneno magumu, si kwa ajili yangu, mimi nitayaelewa, ni kwa ajili ya Salesio.

Ni mimi,
Karani wa Mizani, Majengo, Meru


MAMA RAHEMA ANAJIBU

Karani,

Nilianza kuisoma barua yako nikicheka, jirani yangu akaja kuuliza nimeletewa nini, nikamsomea na yeye akacheka. Tulipofika pale wanawake waliposimamisha majembe, tuliacha kucheka wote wawili. Wewe peke yako ndiye uliyefurahi.

Umeniuliza mbuzi apelekwe mlango gani kati ya miwili. Hukuniuliza mbuzi ni wa nani. Kijana, kuku walikuwa wa mama, mbuzi ni wa mama, mikono inayochimba kwa zamu ya nyumba yenu ni ya mama. Cha kwako katika barua yote nimekiona kifuniko cha kalamu.

Tuzungumze kuhusu hiyo kazi. Mimi nimezaliwa na wachinjaji na nimeolewa na mchuuzi, na jinsi ninavyoijua kazi ni hivi: mtu hutoka nyumbani mikono mitupu, jioni akarudi na kitu. Wewe unatoka na vitu vya nyumbani na kurudi mikono mitupu, na kwato. Huyo Omar ndiye peke yake mwenye kipato hapo buchani. Wateja wanalipa, mnunuzi wa ngozi analipa, na wafanyakazi pia wanalipa! Ijumaa ukimpelekea yule mweusi, Jumamosi atamchinja, wewe utamchuna vizuri bila tundu, utaangalia mshale na kusema "imefika", na jioni utapewa kwato zake umpelekee mama yako kama mshahara. Hilo hukuliona, na darasa la sita ulifika.

Sikuiti mvivu. Najua filimbi, huku Embu tunayo na inalia vilevile. Najua kwamba siku hizi kazi zimejaa tele ila hazilipi, na mahali zinapolipa mtu wenu na mtu wetu hafiki. Aliyeyapanga mambo hivyo si wewe, na gazeti hili halina nafasi ya kueleza zaidi, nawe unanielewa. Kijana akikimbia kiboko simlaumu. Ninachokulaumu ni kwamba ulipokikimbia ulimwacha mama yako nyuma, kisha ukasimama pembeni ukachana nywele.

Mzee Kaberia nenda kwake kabla ya Ijumaa, usingoje akuone mwenyewe. Mwambie huna mshahara, mbuzi si wako, na ungali unamtaka binti yake. Atakufokea. Mwache afoke, na usiguse kalamu. Akikukataa, basi alikuwa anamwoza binti kwa cheti cha Omar, na vyeti vya Omar unajua vinauzwaje. Na Makandi ninampenda tayari. Huyo aliyekuambia kalamu inanuka matumbo ameshakuona ulivyo, na bado anasimama akuongeleshe.

Sasa, katika kujisifu kwako kote umesema jambo moja la maana na umelipita mbio kwenda kutafuta kalamu. Unachuna ngozi bila kuitoboa. Huo, mwanangu, ndio ufundi wako, mizani ni mapambo. Siku ya harusi, siku ya sikukuu, kila aliyechinja hutafuta mtu wa kuchuna, na ngozi nzima ina bei yake. Mwambie Omar hivi, kwa adabu, mbele ya mnunuzi wa ngozi: "Mzee, mbuzi sina. Nitakuja kuchuna baada ya zamu yangu ya kuchimba, na kwa kila ngozi isiyo na tundu unilipe pesa, si kwato." Akikataa, mwache abaki na Salesio, anayepiga saluti kwa mikono miwili. Ngozi ya tatu ikitoboka atakutafuta. Asipokutafuta, mnunuzi atakutafuta.

Salesio, najua unasoma. Babu yako anamtafuta mbuzi wake.

Mbuzi mweusi aachwe alipo. Katika nyumba yenu nzima, Karani, yeye ndiye peke yake mwenye kazi inayoleta kitu mezani, na humo ndani kuna mtoto anayemtegemea.

Nawe usingoje Ijumaa. Kesho amka kabla ya filimbi, vua shati la kola, likunje vizuri, utalihitaji siku ya Makandi. Kalamu mpe Mukiri achezee. Usimwamshe mama yako na usimwambie neno. Mithika akipuliza, mama ataamka alitafute jembe lake mahali anapoliweka, na alikose.

Mama Rahema,
Embu