Kanga Yako Ilipoingia Uani

Mama,

Nakuandikia nimesimama, karatasi iko juu ya pipa la maji. Tangu uondoke sikai. Nikikaa naiona miguu ya Zaituni, nikiiona nainuka tena.

Mjukuu wako aligoma kutembea. Siku tuliyokuzika alikaa kwenye mkeka wako, basi, hakutaka kusimama tena. Nilimbeba hadi kwenye zile boriti zake za kushikia akitembea, akalegea mikononi mwangu. Nikatangulia kinyumenyume kama ulivyokuwa ukifanya, nikipiga makofi na kumwita, "Njoo, bibi harusi, njoo." Akafumba macho.

Unalikumbuka lile shimo? Ulilichimba mwenyewe uani, ukamsimamisha Zaituni humo, mchanga hadi kiunoni, kama mlivyotufanyia sisi tulipochelewa kutembea. Daktari wa mazoezi kule Kibiti akatuambia miguu yake haina kosa. Mtindio uko kwenye ubongo, na ubongo haujifunzi kutembea kwa kusimamishwa, unajifunza kwa kutembea. Kila hatua inafungua njia kichwani, alisema, na njia isiyopitwa huota majani. Ulinuna safari nzima ya kurudi Ikwiriri. Kesho yake ukalifukia shimo, ukamtuma kaka aende kule delta akuletee boriti za mikoko, ukasimamia mpaka mbili zikafungwa sambamba, usawa wa kiuno cha mtoto.

Basi mimi nilikuwa nawaza majani tu. Nilirudi Kibiti peke yangu, daktari akasema ubongo wa mtoto bado unafundishika, ila nisimwache akae muda mrefu. Sasa nimtembezeje asiyetaka? Nilikukasirikia, Mama. Ulimzoesha kutembea akikufuata wewe, kisha ukaondoka.

Baada ya arobaini tuligawa nguo zako. Ile kanga yako nyekundu yenye michoro ya korosho ilikwenda kwa mdogo wako, Mama Mdogo Somoe. Jana alikuja kutujulia hali, ameivaa. Nilikuwa nimemkalisha Zaituni kati ya boriti, nachochea moto. Somoe akapita moja kwa moja hadi kwenye ndoo, akainama kunawa miguu, ametugeuzia mgongo.

Zaituni akashika boriti, akajivuta, akasimama. Akaenda, mguu wa kulia ukiburuza kama zamani. Boriti zikaisha, akaziachia. Akaenda mikono mitupu hadi akalishika pindo la kanga yako, na Somoe akageuka.

Sijawahi kuogopa namna ile. Nilijua akianguka pale, hatasimama tena maishani. Aliutazama uso ule muda mrefu. Kisha akaliachia pindo, akageuka.

Mama, kugeuka hatukumfundisha. Daktari alisema ni kugumu, tungoje kwanza. Aligeuka mwenyewe, akaja kwangu analia, anatembea huku analia. Nilitaka kukimbia nikamdake. Mikono ilikuwa imeshanyooka. Nikaona wewe usingefanya hivyo, nikarudi nyuma hatua moja, nyingine tena, machozi yananitoka, nikasema, "Njoo, bibi harusi, njoo." Akaja.

Kaka alikuwa anazitaka boriti akaezekee banda. Nimemkatalia. Haziondoki hapo, nakuahidi, mpaka Zaituni mwenyewe aseme hazihitaji.

Mungu akulaze pema, Mama. Wewe pumzika. Kinyumenyume nitakwenda mimi.

Mwanao,
Mwajuma