Mwaridi Mweupe Ulioungua

Mama Njeri, jirani yangu,

Ninaandika haya nikiwa barazani kwako, kwenye kile kiti chenye mguu mfupi. Mumeo ameniambia niende nikaseme nawe kaburini, lakini najijua. Nikifika pale nitalia tu, na lile la maana nitalisahau.

Tulikuzika katika ile mvua ya El Nino, barabara zimekatika, na ndugu zako wa Nyeri hawakuweza kufika. Wapo waliotaka usubiri mochari mpaka njia zifunguke, upelekwe bara. Baba Njeri akakataa. Alisema wakati wa zile fujo za kuwafukuza watu wa bara, wenzenu walipokuwa wakifunga mizigo, wewe ndiwe uliyesema huondoki Msambweni, basi hapa ndipo pako. Uko nyuma ya nyumba, upande wa bustani.

Baada ya hapo mwaka mzima hakuigusa bustani. Nami sikuingia. Nilizoea kuja kwako kutaka mawaridi ya kutungia vikuba vya kupachika kifuani mwa bi harusi, na wewe ndiwe uliyekuwa ukinikatia. Niliona haya kuchuma kwa mtu asiyekuwepo. Miwaridi ikarefuka kama mihogo, maua madogo madogo juu kabisa, na chini miiba mitupu.

Kaskazi hii ilipoingia nikaja na binti yangu Saumu, nikamwomba mumeo makasi yako. Akayatoa ndani, akanipa.

Nikafanya kama ulivyonionyesha. Sikukata sana, maana ulikuwa ukiniambia, "Jua hili si la kunyoa upara, Mama Saumu. Punguza tu." Niliondoa maua yaliyonyauka pamoja na vijiti vyake, nikashuka hadi jani la kwanza lenye vidole vitano, nikakata juu ya jicho linalotazama nje, ili tawi lisiingie ndani kubanana na wenzake. Hilo nililiweza. Hata ule mwekundu wa karibu na kisima, uliouita mkaidi, ukatoa machipukizi.

Mbolea ndiyo iliyoniponza. Wewe ulikuwa ukiroweka samadi kwenye pipa, ukaichuja, na jioni ukamwagilia kwanza maji matupu ndipo ukatia ile ya samadi. Nililijua hilo. Lakini siku ile nilikuwa na haraka, nina bi harusi wawili wa kuwatungia vikuba, nataka maua yatoke upesi. Nikazoa mavi mabichi ya kuku bandani kwangu, nikayarundika shinani saa sita mchana, ardhi imekauka. Nikaanza na mweupe wa mlangoni. Namshukuru Mungu mavi yaliishia hapo hapo.

Mweupe ule, Mama Njeri. Uliokuja nao kwenye basi kutoka kwa mama yako, kijiti kimefungwa kitambaa kibichi, umekipakata safari nzima.

Siku ya tatu majani yalikuwa yameungua pembeni. Nikayaondoa yale mavi, nikamwaga maji ndoo kwa ndoo, nikafunika kwa makumbi ya nazi. Wapi. Nilipokwaruza shina kwa ukucha, ndani hamkuwa na ubichi.

Sikumwambia mumeo. Wiki nzima nilipita njia ya nyuma. Akiniuliza bustani vipi, namjibu, "Alhamdulillahi, inakwenda." Mtu mzima mimi, namdanganya mfiwa. Ijumaa nikashindwa. Nilimkuta amesimama pale pale mlangoni, nikamwambia, "Baba Njeri, mweupe nimeuua. Ni mimi, si jua."

Aliutazama. Kisha akacheka, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu tukuzike. "Mama Saumu," akasema, "huo ni wa nne. Ule aliokuja nao kwenye basi aliuunguza mwaka uleule tuliofika. Wa pili vilevile, na wa tatu. Kila mara aliandika nyumbani aletewe kijiti kingine, na akaniapisha nisimwambie mtu."

Nikakaa chini, kizingitini. Miaka yote hiyo unanifundisha, unanigombeza kwa makasi yasiyonolewa, kumbe. Nilikukasirikia, nisikufiche. Halafu hasira ikaniishia, nikabaki na hamu ya kukuona tu.

Tangu siku ile anatoka mwenyewe. Anashika makasi kama mtu anayemkamata kaa, anakata juu ya jicho linalotazama ndani, nami namrudisha. Jumamosi ndiyo siku yetu ya samadi, na Saumu ndiye anayechuja. Njeri alipokuja kutoka Nairobi aliniambia babake alikuwa amekwisha kuzungumza na mtu juu ya kuuza shamba arudi Nyeri. Mimi sikuwa na habari. Siwezi kukuambia kwamba neno hilo limekwisha, ila kwa sasa halitaji. Na juzi nimemkuta akichimba shimo mlangoni. Amemwandikia dada yako.

Basi kwaheri, jirani. Mimi nakuombea kwa dua zangu, naye kwa sala zake. Kijiti kikifika nitakiweka kivulini kwanza, na maji yatatangulia mbolea. Kikifa nacho, nitamwambia mumeo siku hiyo hiyo, kisha nitakuja kukuambia wewe.

Mama Saumu