Jicho la Kushoto

Dada yangu Tamo,

Hapa zizini kwa Sultani tu wazima. Mumeo Bouazza ndiye aliyechaguliwa kumwongoza farasi mweupe kwenye gwaride la Maulidi, kesho asubuhi. Hongera zenu. Mimi niliyemlea farasi huyo miaka saba nimepewa kubeba majani.

Leo nilimpaka hina mkiani. Bouazza akaja kumpapasa.

"Shemeji, mnyama mwenyewe mpole hivi, miaka yote ulikuwa unatutisha nini?"

Nikacheka naye.

Mwambie mumeo kwamba mwavuli wa Sultani ukifunguliwa, farasi huyu hurusha mateke asipozibwa jicho la kushoto kwa kiganja. Bouazza analala chumba cha pili, lakini nimeona nikuandikie wewe. Barua hufika huko kwenu Fez kwa siku nne.

Kaka yako,
Larbi