Ufito na Mita

Jumatatu, 3 Machi

Ripoti imekamilika. Kurasa arobaini na mbili. Tangu tuweke mabomba yanayojifunga yenyewe, matumizi ya maji chuoni yamepungua kwa theluthi moja. Kwa hoja hiyo, Ijumaa Baraza litaamua kukifunga kisima cha pili, ambacho maji yake hushuka zaidi kila kiangazi. Kisima kipumzike, ardhi irudishe maji yake. Nimelipigania hilo miaka sita.

Nimeondoa kiambatisho kimoja: vipimo vya fundi bomba. Kila alfajiri, kabla mtu hajanawa uso, hupanda tangi kuu na kutumbukiza ufito wenye mikato ya kisu. Jioni hurudia. Kwa ufito wake, matumizi hayajapungua hata kidogo! Nilimweleza kwa upole kwamba hicho si kipimo rasmi. Akacheka. "Sawa, Dakta. Ufito haukusoma."

Jumanne, 4 Machi

Mtoto wa dada yangu amepita ofisini. Anakaa Bweni la Tatu — wanafunzi mia sita, na zamu yao ya mabomba mapya ni mwakani. Nilimuuliza kama wameanza kubana matumizi wenyewe.

"Kubana, Mjomba?" Bomba moja la kufulia halifungi tangu muhula uliopita, wamelifunga soksi. "Huko ofisini kwenu maji yanahesabiwa. Huku kwetu yanamwagika."

Nikacheka naye. Alipoondoka nikafungua daftari la mita. Mita kuu mpya iliwekwa mwezi uleule wa mabomba mapya. Na Bweni la Tatu, kwa makadirio yangu mwenyewe, hutumia karibu theluthi ya maji yote ya chuo.

Theluthi.

Jumatano, 5 Machi

Nimeshuka na fundi hadi kwenye shimo la mita. Aliinua mfuniko peke yake, alikataa nimsaidie. Bomba kubwa linatoka tangini. Tawi la kwenda bwenini linachepuka hatua mbili kabla ya mita. Maji ya watu mia sita hayapiti kwenye mita kabisa.

Nikauliza, kwa ukali nisiokuwa na haki nao, nani aliyeelekeza iwekwe pale.

Akafuta mikono. "Karatasi, Dakta. Mimi nilisema isogezwe juu kidogo, karibu na tangi. Nikaambiwa mchoro umeshatiwa saini."

Sikuuliza saini ya nani.

Alhamisi, 6 Machi

Saini yangu. Na mstari chini yake.

Nilichora kwa kufuata ramani iliyotangulia ujenzi wa bweni. Sikwenda kutazama. Mimi, ninayewakata wanafunzi alama kwa kosa hilohilo! Kisima kikifungwa, bweni litakuwa kavu kabla kiangazi hakijafika katikati.

Nimemwandikia Mwenyekiti wa Baraza: takwimu zisitumike, "imebainika hitilafu katika ufungaji wa mita kuu." Nimeisoma sentensi hiyo mara nne. Kila neno ni kweli. Nimeituma.

Ijumaa, 7 Machi — ukumbi wa Baraza, mapumziko ya robo saa

Kisima hakitafungwa. Hilo limepita upesi. Kitaendelea kunyonywa.

Kisha fundi akaitwa. Sikumwita mimi; sentensi yangu ndiyo iliyomwita.

Mwenyekiti akauliza aliyeifunga mita ni nani. Fundi akasimama, kofia mkononi. "Ni mimi, Mheshimiwa." Mwenyekiti akashangaa: miaka ishirini na saba kazini, bado hajui pa kuweka mita? Mjumbe mmoja akatania kwamba labda alipimia kwa ufito wake. Wakaangua kicheko. Fundi naye akacheka kidogo — kisha akanitazama. Bila lawama. Alinitazama kama anavyolitazama tangi: kuona limebaki kiasi gani.

Hakuutaja mchoro. Wala mimi sikuutaja.

Ajenda iliyobaki: aachishwe kazi au la.

Dirishani namwona uani. Amefungua bomba, amenawa, amelifunga. Ameenda hatua tatu, akarudi kulikaza tena.

Mchoro nimeutoa mkobani. Uko mbele yangu, umelala kifudifudi.

Kengele. Wajumbe wanaketi. Fundi amerudi mlangoni, hajaambiwa akae. Mwenyekiti anauliza iwapo kuna mwenye neno kabla hatujaendelea.

Nimeugeuza mchoro. Mjumbe aliye kando yangu ameshaiona saini yangu —